Mhariri, kabla hatujafunika tundu la geji tushughulike kwanza na nyuma yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua maana hili jambo limenikaa rohoni muda mrefu na naona watu wanalichukulia poa sana. Nazungumzia yale matundu yanayobaki kwenye paneli (ile dashibodi ya mbele) baada ya geji, yaani kile kipimo cha kusomea mwendo, mafuta na kadhalika, kutolewa. Iwe ndege, iwe boti, iwe Fuso, habari ni ile ile, geji imekufa au imepitwa na wakati, fundi anaitoa, mteja anaondoka na shimo la duara limekodoa macho pale mbele, na kama mteja ni msumbufu kidogo basi fundi anabandika tepu nyeusi ya umeme au anajaza silikoni anasema tayari bosi. Mimi nasema hapo kazi haijaisha, tena mara nyingi hapo ndo hatari imeanza, kwa sababu ile tepu imeficha kitu ambacho hakuna mtu amekishughulikia.

Mimi ni fundi paneli hapa Nyakato, kazi zangu nyingi ni boti za ziwani na dashibodi za malori. Lakini kilichonisukuma kuandika ni paneli ya glaida. Najua wengi hawajawahi kuiona, ni ndege isiyo na injini, inavutwa juu na ndege nyingine au kwa winchi halafu inaachiwa, na kuanzia hapo rubani anaishi kwa kutafuta hewa inayopanda. Anayetaka kuelewa akae pale Mwaloni Kirumba mchana aangalie wale korongo wakubwa na mwewe wanavyozunguka bila kupiga bawa mpaka wanakuwa nukta huko juu, jua likishachoma mawe na mabati ya Mwanza hewa inapanda na wao wanapanda nayo, glaida inatumia hewa hiyo hiyo. Wenzetu Kenya wana historia ya mchezo huu, pale Mweiga karibu na Nyeri walikuwa na klabu kabisa.

Sasa mteja mmoja mwenye glaida ya zamani akaniletea paneli yake imefunguliwa yote, imefungwa kwenye blanketi, anataka vifuniko vya matundu ambayo hayana kazi tena. Nilidhani ni kazi ya nusu saa, kukata bati, kupiga rangi, kwisha. Yule mzee akaniambia, "Fundi, tundu lenyewe halinisumbui, kinachonisumbua ni neli zilizokuwa zinakuja pale." Akatoa karatasi iliyoandikwa kila geji iliyotolewa, neli gani ilikuwa inaingia, waya gani, na sasa hivi kila kimoja kimeishia wapi. Kusema kweli nilimheshimu sana yule mzee, na tangu hapo namna ninavyofanya kazi za boti imebadilika.

Niwaeleze kwanza matundu yanatoka wapi maana mtu anaweza kusema kwa nini ndege iwe na matundu matupu. Glaida ya faibaglasi inadumu miaka mingi, yenye miaka 30 au 40 ni ya kawaida tu na bado inaruka, lakini vifaa vya ndani vinabadilika kila baada ya muda. Zamani walikuwa na geji kubwa ya kuonyesha ndege inavyogeuka, variomita mbili (hii ndo inamwambia rubani anapanda au anashuka kwa kasi gani) na redio kubwa, siku hizi kifaa kimoja cha umeme kinafanya kazi ya viwili vitatu. Ulaya walibadilisha hatua za masafa ya redio za ndege kutoka 25 kHz kwenda 8.33 kHz, na ilipofika 2018 redio nyingi za zamani zikawa hazitakiwi tena, watu wakazing'oa wakaweka ndogo. Kwa hiyo unakuta paneli moja ina matundu ya vizazi vitatu. Vipimo vyake vinajulikana, geji kubwa ni tundu la 80 mm na ndogo ni 57 mm, skrubu nne kwenye pembe, kwa ile kubwa skrubu hadi skrubu ni kama 63 mm na kwa ndogo kama 47 mm. Na hapa kuna kitu mafundi wengi wanakosea, wanakata kifuniko cha duara, wakati tundu la altimita (geji inayoonyesha ndege iko juu kiasi gani) siyo duara kamili, pembe ya chini kushoto limeongezwa ili kitufe cha kuzungushia kipite, ukiweka duara pale pembeni panabaki wazi. Kifuniko kinatakiwa kiwe mraba kinachoshika kwenye skrubu zile zile za zamani, hamna haja ya kutoboa upya.

Haya, sasa nyuma. Nyuma ya paneli ya glaida kuna vineli vya mpira au plastiki vimesambaa, vingine vinatoka kwenye tundu la puani linalopokea upepo wa mbele, vingine kwenye vitundu vidogo ubavuni mwa ndege vinavyopima mgandamizo wa hewa iliyotulia, vingine vinatoka kule mkiani. Kipima mwendo kinafanya kazi kwa kulinganisha ule upepo wa mbele na ile hewa iliyotulia. Altimita nayo inategemea hewa iliyotulia. Kwa hiyo geji moja ikitolewa na neli yake ikaachwa mdomo wazi nyuma ya paneli, hewa ya ndani ya ndege inaingia kwenye mfumo, na hewa ya ndani haina mgandamizo sawa na wa nje kwa sababu kuna matundu ya kupitishia upepo na kuna dirisha dogo la rubani, akilifungua mgandamizo unabadilika. Matokeo yake kipima mwendo kinadanganya, kinasoma zaidi au pungufu, altimita inadanganya, na variomita inamwambia mtu anapanda wakati anashuka. Na hizo geji zilizobaki ni nzima kabisa, hazina ubovu wowote! Ubovu uko kwenye mdomo wa neli ambayo fundi aliiacha ikining'inia halafu akaifunika na kibati kizuri chenye rangi nyeusi.

Ndo maana nasema kifuniko kije mwisho. Kwanza neli izibwe kwa kizibo kinachoingia kwa nguvu na kubanwa, siyo kukunjwa na kufungwa na uzi, au bora zaidi kile kiungo kilichokuwa kinagawa neli kwenda kwenye geji iliyotolewa kiondolewe kabisa neli ipite moja kwa moja. Kuna variomita zinazotumia chupa ya hewa ya 0.45 lita, ukitoa variomita usiache chupa na neli yake vinaelea tu huko ndani. Halafu mfumo upimwe kama unavuja, na jamani asitokee mtu akapuliza kwa mdomo wakati geji zimeunganishwa, pumzi ya mtu ina nguvu kuliko hizo geji zinavyoweza kuvumilia, utaua kipima mwendo kizima.

Anayeona nakuza mambo akumbuke mwaka 1996. Mwezi wa pili tarehe 6, ndege ya Birgenair aina ya Boeing 757 ilianguka baharini karibu na Puerto Plata, Jamhuri ya Dominika, watu wote 189 walikufa. Kipima mwendo cha rubani kilikuwa kinasoma uongo, na wachunguzi waliona chanzo chenye uwezekano mkubwa ni kwamba nyigu wanaojenga kwa udongo waliziba ile neli ya kupokea upepo wakati ndege imepaki siku kadhaa bila neli kufunikwa. Mwaka huo huo tarehe 2 Oktoba, Boeing 757 nyingine, ya Aeroperú, iliruka usiku kutoka Lima na vitundu vyake vya hewa iliyotulia vikiwa vimebandikwa tepu, walioisafisha ndege waliibandika ili maji yasiingie halafu haikutolewa. Watu 70 wakafa. Moja tundu lilitakiwa kufunikwa halikufunikwa, nyingine tundu lilitakiwa kuwa wazi likafunikwa. Hizo zilikuwa ndege kubwa zenye kompyuta na marubani zaidi ya mmoja, sasa glaida ina mtu mmoja na geji tatu nne tu. Na nyigu wa udongo sisi huku tunawajua, acha kitu chenye tundu la ukubwa wa kidole nje wiki moja tu uone.

Kuna mambo mengine ya tundu lililoachwa wazi ambayo mtu hawezi kuyafikiria haraka. Kwenye glaida miguu ya rubani inapita chini ya paneli kwenda kwenye pedeli, na huko ndiko kebo za usukani wa mkiani zinapita. Peni ikidondokea kwenye tundu, au skrubu, au ile betri ndogo ya GPS, inakwenda kukaa kule kwenye pedeli, na rubani amefungwa mikanda minne hawezi kuinama kuitoa. Glaida nyingi pia zinaingiza hewa kwa puani, inapita nyuma ya paneli kwenda kwenye kioo cha mbele kuondoa ukungu, sasa paneli ikiwa na matundu hewa inaishia kifuani kwa rubani na kioo kinabaki na ukungu. Bila kusahau vumbi.

Suala la uzito nitalipitia haraka. Geji za zamani za chuma ni nzito na zinakaa mbele kabisa, ukizitoa pua inakuwa nyepesi na kitovu cha uzito kinarudi nyuma, kibati hakirudishi huo uzito, kwa hiyo ndege ipimwe upya na karatasi zake zirekebishwe. Hiyo ni kazi ya injinia mwenye leseni, na hata hicho kifuniko ninachokata mimi ni lazima injinia akikague na akisainie kabla ndege haijaruka, siyo fundi wa mtaani kujisainia.

Kwenye kifuniko chenyewe ndo naomba nikae kidogo maana hii ndo kazi yangu. Alumini ya 1.5 mm inatosha kabisa. Bati la chuma hapana, kompasi iko pale pale juu ya paneli na chuma kinaivuta, na skrubu nazo ziwe za shaba nyeupe au chuma kisichovutwa na sumaku, jaribu kila skrubu kwa sumaku kabla hujaiweka, kuna skrubu zinang'aa dukani unaambiwa ni stenlesi na sumaku inazidaka. Pembe zizungushwe kwa tupa na kingo zipigwe msasa mpaka ukipitisha kidole hausikii kitu, kwa sababu magoti yako chini ya hapo na siku rubani akitua vibaya mwili unakwenda mbele. Rangi iwe nyeusi isiyong'aa, juu kuna kioo kitupu jua linaingia lote, rangi ya kung'aa inarudisha mwanga kwenye kioo na rubani anashindwa kuona ndege nyingine. Vijana wa siku hizi wananiambia fundi tuprinti tu kwa plastiki, sawa, lakini ile plastiki ya PLA ambayo wengi wanayo inaanza kulainika kwenye nyuzi 60, na paneli chini ya kioo juani inafika huko bila shida, itajikunja na skrubu zitalegea. Tepu na stika ndo usiseme, gundi inayeyuka, inateleza, inaacha utando unaokusanya vumbi. Na silikoni sitaki kuisikia kwa sababu geji mpya ikija baadae huwezi kuitoa bila kuharibu paneli. Kifuniko kiwe ni kitu cha kufungua kwa bisibisi na kufunga.

Halafu jambo moja alilonifundisha yule mzee, nyuma ya kila kifuniko kuna maandishi: geji gani ilikuwa hapa, imetolewa tarehe ngapi, neli imezibwa wapi, waya umekatwa wapi. Fundi atakayefungua miaka kumi baadae anakuta habari zote mbele yake. Sijui kwa nini sisi hatufanyi hivi, peni ya rangi ya kudumu ni pesa ndogo sana.

Sasa nirudi ziwani kwetu maana glaida ni ya mtu mmoja lakini boti ni za watu wengi. Boti za faibaglasi zenye injini ya nje zinazobeba abiria, wavuvi wenye uwezo, watu wa hoteli, zote zina dashibodi ndogo yenye geji, na matundu yake nayo yana vipimo, 52 mm kwa geji ndogo na 85 mm kwa geji kubwa za mizunguko ya injini au mwendo. Huku shida yetu ni waya. Geji ya mafuta inakufa, inatolewa, na ule waya wa umeme unaokuja kutoka kwenye swichi unaachwa mdomo wazi ndani ya dashibodi una moto wa betri masaa yote ambayo swichi imewashwa. Juu unabandikwa tepu. Boti ikipigwa na wimbi, na sote tunajua ziwa hili linavyobadilika jioni, waya unacheza, unagusa kitu, fyuzi inakata, na kwenye boti nyingi fyuzi hiyo hiyo ndo inayobeba taa na pampu ya kutoa maji. Au hakuna fyuzi kabisa, basi waya unaungua, na petroli iko hatua mbili kutoka hapo.

Niliwahi kuletewa boti iliyozimikiwa taa zote jioni wakitoka upande wa Kamanga, abiria ndani, na nilipotoa tepu kwenye dashibodi nilikuta waya mwekundu umekula plastiki ya waya wa jirani mpaka shaba zinaonekana, na wale wadudu wa ziwani waliokuja kwa mawingu msimu ule wamejazana humo ndani wamekufa, wamelowa, wamegandana juu ya viungo vya nyaya, kila kiungo kimeota kutu ya kijani. Tundu lilikuwa limefunikwa, ndiyo. Aliyelifunika hakuangalia nyuma. Sitaki kutaja boti wala karakana, nia yangu siyo kumchafua mtu, ila abiria wale walikuwa na watoto na nikifikiria usiku ule ungekuwa na upepo nakosa amani.

Kurekebisha kulikuwa kazi ya kawaida sana. Waya usio na kazi unafuatwa mpaka unapotoka, unatolewa kwenye swichi au kwenye fyuzi, siyo kukatwa huku mbele tu. Ukishindwa kuutoa wote, ncha zote mbili zifunikwe kwa ule mpira unaosinyaa ukipashwa moto na zifungwe mahali zisicheze. Viungo vilivyoota kutu vinakatwa vinafanywa upya. Kisha kifuniko, na kwa boti kifuniko kinahitaji mpira mwembamba chini yake ili maji yasipite, hapo alumini iwe ya kuvumilia maji au utumie kipande cha faibaglasi au perspeksi nene. Perspeksi mimi naipenda kwa boti, unaona nyuma bila kufungua.

Kwa hiyo Mhariri ninaomba mambo haya yasikike. VETA pale Nyakato wanafundisha umeme wa magari na uchomeleaji vizuri, vijana wao nawapokea na wanajua kazi, naomba wawape zoezi la kutoa geji na kufunga tundu mpaka mwisho, na alama zitolewe kwa kuangalia nyuma ya paneli. Wakaguzi wa vyombo vya majini, mnapopanda boti kuangalia majaketi na kizima moto, ambayo ni mambo muhimu sana, mfungue na kifuniko kimoja cha dashibodi, inachukua dakika chache na bisibisi. Wenye boti msikubali kupokea chombo chenye tepu mkalipa. Mwambie fundi akufungulie akuonyeshe, kama hawezi kufungua alichofunga mwenyewe basi hicho siyo kifuniko.

Na mafundi wenzangu, najua mteja analalamika bei, anasema we toa tu geji hilo shimo niachie, nimesikia hayo maneno mara nyingi. Mjibuni kwamba bei ya kutoa geji ni pamoja na neli, waya na kifuniko, haigawanywi. Mimi ndivyo ninavyoandika kwenye risiti siku hizi: geji imetolewa, waya umeondolewa hadi kwenye fyuzi, tundu limefungwa, na mteja anasaini baada ya kuona nyuma.

Wasalaam,
Fundi paneli
Nyakato, Mwanza